Hotipoti ipo mezani, walaji hawapo: kila nyumba inahitaji mlo mmoja wenye saa yake

Wanajamvi, salaam.

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi chakula cha jioni hakiandaliwi, kinahifadhiwa tu. Magharibi ikiingia wali unatiwa kwenye hotipoti kubwa, maharage kwenye ndogo, samaki anafunikwa kwa sahani, kisha kila anayerejea anajipakulia kwa wakati wake: mtoto wa sekondari akitoka tuisheni, mama akifunga duka, baba saa tatu na nusu akiwa amemalizana na foleni ya Mbagala au Kimara, na kijana mkubwa usiku wa manane, akila huku amesimama jikoni na simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Wote wamekula chakula kimoja kilichopikwa na mkono mmoja, na hakuna aliyekula na mwenzake. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba hasara ya utaratibu huo ni kubwa kuliko tunavyokiri, na kwamba hatuhitaji kuyarudisha maisha yote ya zamani ili kuiondoa. Inatosha nyumba ichague mlo mmoja, wa kila siku au wa kila wiki, iupe saa yake, na saa hiyo isivunjwe kwa visingizio.

Natilia mkazo saa kuliko chakula chenyewe. Idi, Krismasi, maulidi na harusi hutukusanya na kutulisha vizuri, lakini siku hizo watu huja wamevaa na wamejipanga, na maneno yanayosemwa ni yale ya adabu. Mlo wa Jumanne, wa ugali na dagaa, ndio unaomwezesha mzazi kugundua kwamba mtoto aliyekuwa akimaliza matonge haraka na kukimbilia mpira sasa anayachezea vidoleni, na kwamba hali hiyo haikuanza leo. Mtoto huyo ukimwita chumbani na kumuuliza ana tatizo gani, atakujibu kwamba hana. Neno lake litatoka lenyewe siku nyingine, katikati ya mazungumzo ya jambo jingine kabisa, kwa sharti kwamba siku hiyo mpo wote na hakuna anayemsubiri aseme.

Waliokulia kwenye sinia wanajua ni mafunzo mangapi yalipita pale bila mtu kutoa mhadhara. Nyumba nyingi za Pwani na Visiwani zilikuwa na utaratibu unaofanana: mkeka unatandikwa, kawa linafunuliwa, na mdogo kuliko wote anapita na birika na bakuli akiwamwagia wakubwa maji ya kunawa. Kila mlaji anakula upande ulio mbele yake. Kitoweo kipo katikati, na hakiguswi mwanzoni. Mkubwa wa sinia ndiye atakayekichambua baadaye na kumsogezea kila mtu fungu lake, na mtoto anayekinyemelea kabla ya wakati huangaliwa tu, asiambiwe neno, akaelewa. Mimi huvutiwa zaidi na jambo dogo ambalo huenda wengi hawakulitambua walipokuwa watoto: mtu mzima aliyekwisha kushiba hakuwa akinyanyuka. Aliendelea kubakia pale akichokonoa mfupa, akichukua punje mbili za wali na kuzitia kinywani polepole, ili wadogo wasione haya kuendelea kula. Mtoto aliyelindiwa njaa yake namna hiyo naye hukua akijua kuilinda ya mwenziwe. Waislamu watakumbuka kwamba Mtume alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku sahanini, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Funzo hilo alilipata palepale kwenye chakula, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuliacha tena. Hata methali inayotuonya tusimguse mkono kipofu tunayekula naye isingetungwa na watu wanaokula kila mmoja kwenye sahani yake.

Hata hivyo, tusiipambe zamani kupita kiasi. Katika nyumba nyingi hizohizo wanaume walikula barazani, wanawake uani, watoto kwenye sinia lao, na fungu zuri la kitoweo lilijulikana lilikokwenda. Katika jamii kadhaa za bara mkwe hakuweza kula mbele ya baba mkwe wake, na mama aliyepika ndiye aliyekula mwisho, kilichobakia. Kwa hiyo ninapopendekeza baba, mama, watoto wa kike na wa kiume waketi mahali pamoja, kwa familia nyingi sirudishi mila iliyopotea. Ninapendekeza jambo jipya kiasi, linalochukua kutoka kwenye mila kile kilichokuwa na manufaa.

Kwa upande wa marafiki, mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Rungwe. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, waliofanya kazi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza juu ya vijiji vya marika: wavulana wakifikia umri wa miaka kumi hivi waliacha kulala kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda pamoja na wenzao wa rika moja, huku wakiendelea kulima mashamba ya baba zao na kula vyakula vya mama zao. Lakini hawakwenda kula mmojammoja. Kundi zima lilikwenda leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, na kijana mwenye tabia ya kurudi kula peke yake alikemewa na baba yake mzazi, kwa kuwa tabia hiyo ilihesabiwa kuwa ni kutojua kuishi na watu. Mama aliyefikiwa na kundi alijivunia kufikiwa. Hebu fikirini maana yake: kila kijana alikua akiwa amezoea upishi wa akina mama kadhaa, na kila mama alijua ni nani kati ya vijana wa kijiji ambaye siku mbili hizi haonekani kwenye chakula.

Kwa wanaopenda takwimu, zipo. Ripoti ya dunia ya furaha ya mwaka 2025, inayotolewa na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na shirika la Gallup na mtandao wa maendeleo endelevu wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa na sura nzima juu ya kula pamoja. Watu wa nchi zaidi ya 140 waliulizwa ni milo mingapi ya mchana na ya jioni waliyokula na mtu wanayemfahamu katika siku 7 zilizopita, na wale waliokula na wenzao mara nyingi zaidi walionekana kuridhika zaidi na maisha yao, katika nchi tajiri na maskini pia. Senegal ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza. Wasenegali ni watu wa bakuli moja kubwa lililozungukwa na walaji, na wali wao wa samaki, ceebu jën, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Kwa upande wa Marekani, mwaka 2023 takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema kwamba siku iliyotangulia alikula milo yake yote peke yake, na kiwango hicho kilikuwa kimepanda kwa asilimia 53 tangu 2003. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu huenda mtu mwenye furaha ndiye anayealikwa zaidi. Lakini kwangu mimi ongezeko hilo la Marekani linatosha kuwa onyo, maana sisi tunaelekea kulekule na hotipoti zetu mikononi.

Lipo na suala la lishe, ambalo kwenye mijadala ya namna hii husahaulika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wana udumavu, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa mara nyingi ni kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto anaachiwa uji au kiporo ale mwenyewe, au alishwe na dada yake wa miaka saba. Chakula kinakuwapo, anayekosekana ni mtu mzima wa kumtazama anakula nini na kiasi gani. Hapa pia inanibidi niwaonye wapenzi wa sinia wenzangu: mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka miwili, apewe bakuli lake mwenyewe hata kama wote mmeketi pamoja, kwa sababu kwenye chombo cha pamoja kaka zake watamaliza mboga yeye akiwa bado na tonge la kwanza. Wataalamu wa lishe wanashauri hivyo, na wala kufanya hivyo hakuharibu umoja wowote. Ukaribu ni wa watu, chombo si lazima kiwe kimoja.

Jambo hilohilo ninalisema kuhusu usafi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 uliwafanya wengi waogope chakula cha mkusanyiko, na hawakukosea. Kunawa kwa kupokezana beseni moja la maji, ambamo mtu wa mwisho anatumbukiza mikono katika uchafu wa wote waliomtangulia, ni hatari na hakuna sababu ya kuutetea utaratibu huo kwa jina la mila. Mila yenyewe ilikuwa na birika. Maji yamiminike, sabuni iwepo, na mazungumzo juu ya jambo hilo yaishie hapo.

Sasa nigusie kazi, kwa sababu uzi kama huu ukiandikwa na mwanamume huishia kumwongezea mwanamke mzigo. Mlo wa pamoja una nazi ya kukunwa, mchele wa kuchaguliwa, vyombo vya kuosha, na una mtu anayenyanyuka kila dakika mbili kufuata chumvi, maji, kijiko, pilipili, hata anapoketi wenzake wamekwisha. Mlo ambao mpishi hakuketi haukuwa wa pamoja. Ninashauri mambo ya kawaida kabisa: kila kitu kiwe mezani au mkekani kabla ya mtu wa kwanza kunawa; vyombo vioshwe na wasiopika; na siku ya kukutana isiwe siku ya kuonyeshana mapishi. Makande yanatosha. Familia ninazozifahamu ambazo zilianza kwa biriani la kila Jumapili zilichoka mapema, na zilizoanza kwa chai na viazi vitamu bado zinaendelea.

Kuhusu simu, sina mengi: zikae chumba kingine, pamoja na ya baba. Televisheni nayo izimwe, ingawa najua kwamba kwa wazee wetu taarifa ya habari ya saa mbili ni sehemu ya chakula, na kwa hao mimi ningesogeza saa ya kula badala ya kupigana nao.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza, muuguzi:

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini umeandika kama mtu ambaye kazi yake inaisha jioni. Sisi wa hospitali tuna zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na mume wangu ni mlinzi. Kuna wiki ambazo tunapishana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivivaa. Ukituambia saa ya chakula isivunjwe, unatuambia kwamba hatuna familia. Isitoshe, wapo majirani zangu wanaokula mara moja kwa siku, na hao ukiwapelekea habari za sahani na mazungumzo watakuuliza chakula chenyewe kiko wapi.

Mleta mada:

Dada, pole kwa kazi. Hoja yako ya kwanza ni ya haki, na jibu langu ni kwamba mlo wa pamoja si lazima uwe wa jioni. Kwa watu wa zamu, ule unaowezekana zaidi ni wa asubuhi, pale anayetoka usiku anaporudi na anayekwenda mchana hajaondoka: uji, chai, mihogo ya kuchemsha, na watoto kabla ya gari la shule. Ratiba ya zamu ikishatoka, mkae siku moja mpange milo ya wiki inayoangukia kwenye nafasi zenu, muiandike, muibandike jikoni. Saa inaweza kubadilika kila wiki, ilimradi wiki ikishaanza hamuivunji.

Kuhusu wenye mlo mmoja kwa siku, sitathubutu kuwahubiria. Ninachoweza kusema ni kwamba pale chakula kinapokuwa kidogo ndipo ulaji wa kutawanyika unapodhulumu zaidi, kwa sababu anayewahi ndiye anayeshiba na anayechelewa anakuta sufuria imekwanguliwa hadi ukoko. Wakila pamoja, upungufu unaonekana na wote, na mtu mzima anaweza kuamua apunguze wapi. Waliposema wazee kwamba chakula cha mtu mmoja hutosha watu wawili hawakuwa wakikanusha njaa. Walikuwa wakieleza namna ya kuigawa.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda. Nilikulia katika nyumba iliyokula pamoja kila siku, na sikuwa na saa niliyoiogopa kama ile. Mezani ndipo ripoti ya shule iliposomwa kwa sauti, ndipo mama alipoulizwa fedha za matumizi zimekwendaje, na ndipo kaka yangu alipolinganishwa na mtoto wa jirani mpaka akaacha kula. Hadi leo, nikisikia kiti kinavutwa, tumbo linajifunga. Sasa ninaishi mwenyewe na ninakula mwenyewe, kwa amani. Mleta mada anazungumzia mlo kana kwamba walaji wote ni watu wema.

Mleta mada:

Ndugu yangu, nashukuru kwa kulisema hilo. Kukaa pamoja hakuna heri yoyote ndani yake iwapo mwenye nguvu anatumia nafasi hiyo kuwahukumu wasioweza kunyanyuka. Nyumba ya namna hiyo ni heri itumie hotipoti. Ningeshauri kila familia iwe na sharti moja tu la maneno: matokeo ya mitihani, madeni, na makosa ya mtu yana saa yake na chumba chake, na hayaletwi kwenye chakula. Wazee wengi walikataza kumkaripia mtu akiwa na tonge mkononi, na waliokuwa wakali kweli walisubiri hadi baada ya kunawa. Nyumbani kwenu, kwa maelezo yako, hilo halikufuatwa. Kuhusu kula peke yako kwa amani, sina neno la kukupinga, isipokuwa nikutakie siku moja upate watu wawili watatu ambao kiti kikivutwa mbele yao hutashtuka.

Mchangiaji wa tatu, Maskati:

Assalaam alaykum. Mimi ni mtoto wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Omani, na ningependa kuongeza mfano wa huku. Kwetu mlo usiovunjwa ni wa Ijumaa mchana, baada ya sala, kwa bibi. Ukoo mzima unajua. Huhitaji kualikwa, na usipofika ndipo unapopigiwa simu. Wanaume wana sinia lao na wanawake lao, hilo halijabadilika sana, ila watoto wanazunguka kote. Tangu 2013 mapumziko ya wiki huku yalipohamishwa kutoka Alhamisi na Ijumaa yakawa Ijumaa na Jumamosi, mambo yamekuwa mepesi zaidi, kwa sababu baada ya kula mtu hana haraka ya kulala mapema kwa ajili ya kazi ya kesho. Faida niliyoiona mimi ni ya lugha. Watoto wetu shuleni wanasema Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao wanakipata kwenye sinia la bibi, pamoja na majina ya mchuzi, maneno ya utani, na jinsi ya kumwita mjomba. Bibi akisafiri kwenda Unguja wiki mbili, unasikia kabisa Kiswahili cha wajukuu kimepungua.

Mleta mada:

Waalaykumu salaam. Hapo umenipa hoja ambayo sikuwa nayo, nami ninaichukua. Naomba tu ufikirie mapema mlo huo utahamia kwa nani bibi akichoka, kwa sababu mikusanyiko mingi ya ukoo niliyoiona imekufa pamoja na mwenye jiko. Shangazi mmoja aanze sasa kupokea Ijumaa moja kwa mwezi, bibi mwenyewe akiwapo kama mgeni, ili watoto waizoee nyumba ya pili.

Mchangiaji wa nne, Dodoma:

Wakuu, naomba niwasemee tuliohamishiwa huku. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wengi wetu tulikuja peke yetu kwa sababu watoto walikuwa katikati ya shule na wake au waume zetu wana kazi Dar es Salaam. Tulianza kuishi kama makapera wenye umri mkubwa: chipsi mayai leo, kesho wali wa mama ntilie, keshokutwa mkate na soda. Tukaamua watumishi wanne wa ofisi moja tuchange kila mwisho wa mwezi, tununue mchele, unga, mafuta na maharage, na kila mmoja apike siku yake, tunakula kwa aliyepika. Mwenzetu mmoja hakujua kupika hata ugali, na bado ugali wake una vidonge, lakini siku yake hairukwi. Tangu treni ya umeme ianze kufika huku mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam ni chini ya saa nne, hivyo Ijumaa jioni anayeweza anakwenda kula na watoto wake. Kundi letu la siku za kazi halikuvunjika kwa hilo. Swali langu ni moja: wapo wanaotucheka, wakitukumbusha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mleta mada unasemaje?

Mleta mada:

Methali hiyo imetokana na uchungu wa watu waliotupwa na marafiki wa karamu, na kwa marafiki wa karamu ni kweli tupu. Rafiki wa karamu hula ulichopika, kisha haonekani. Ninyi mnachanga, mnapokezana jiko, na mnavumilia ugali wenye vidonge kila wiki, jambo ambalo hata ndugu wa damu wengine wangelikataa. Mtu wa namna hiyo akiugua, wa kwanza kujua ni mwenzake aliyemsubiri chakulani akamkosa. Mzaliwa nawe atakuja, lakini atakuja na treni ya kesho.

Mchangiaji wa tano:

Mimi ni mama wa nyumbani. Naunga mkono hoja, na tangu niusome uzi huu jana nimekwisha kumwambia mzee kwamba Jumapili saa saba ni yetu. Nina jambo moja linanisumbua. Tuna dada wa kazi, binti wa miaka ishirini hivi. Huyu ndiye anayepika, anaandaa meza, kisha anakwenda kula jikoni mwenyewe. Nilipomwita aje mezani aliona haya, na mama mkwe wangu akasema nitamharibu. Je, katika huo mlo mmoja unaousema, yeye anahesabiwa kuwa nani?

Mleta mada:

Mama, anahesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo, na aketi. Haya zake ni za kawaida na zitapungua iwapo hutamfanyia tangazo. Mwekee sahani mahali palepale kila Jumapili, karibu na mtoto anayemlea, kwa sababu huyo tayari amezoea kula akiwa naye. Siku hiyo asipike peke yake: wewe shika mboga, na vijana waoshe vyombo. Kama baada ya wiki kadhaa bado anapendelea jikoni, muulize mkiwa wawili tu, huenda ana sababu yake, na akitaka kuitumia saa hiyo kumpigia simu mama yake kijijini, basi na iwe saa yake ya mapumziko badala ya saa ya kuwahudumia. Kuhusu mama mkwe, mpe heshima zake zote, mpakulie wa kwanza, umwambie kwamba katika nyumba yako aliyepika hali mwisho. Akikuuliza umejifunzia wapi, mwambie ni utaratibu wa Jumapili, na umkaribishe samaki.